Uliza Mama wa Pikapu: Gari la gia kila siku, kuna raha kweli?

*Mama, salaam sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Mamboleo hapa Kisumu na nafundisha Majengo, kaunti ya Vihiga, kwa hiyo kila asubuhi napanda mlima na kila jioni nateremka. Nafuga pia kuku wa mayai kama 300, na Jumapili napeleka trei sokoni Kibuye. Mpaka leo kazini naenda kwa matatu, na mayai nakodishia tuktuk. Sasa mjomba wangu anastaafu na yuko tayari kuniuzia pikapu yake kwa bei ya kindugu: kebini moja, dizeli, gia 5 za mkono. Dadangu anasema nitajuta. Ati nitakanyaga klachi mpaka goti life, na afadhali ninunue gari dogo la otomatiki. Walimu wenzangu wanasema pikapu ya gia ni gari la wanaume. Leseni nilisomea kwenye gari la gia, lakini tangu siku ya mtihani sijalishika tena. Sikuulizi kama pikapu itanifaa, hilo nalijua. Nauliza kama kuiendesha kila siku kunapendeza. – Mwalimu, Mamboleo*

Mwalimu, kunapendeza. Nimetanguliza jibu kwa sababu swali hili watu huniuliza kwa kuzungukazunguka, nawe umelinyoosha. Lakini raha yenyewe haiko pale wengi wanapoitafuta, na haiji wiki ya kwanza. Acha nikueleze yangu ilivyo, nawe uipime kwa barabara yako.

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya mwaka 1999, dizeli, injini ya lita 3 isiyo na turbo, gia 5, kebini moja kama ya mjomba wako. Niliinunua 2011 rangi ikiwa imekwisha kufa. Siku 6 kwa wiki natoka nayo Elburgon kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nateremka kwa Njoro hadi soko la Wakulima mjini Nakuru. Nyuma nina magunia 16 ya viazi. Tangu kanuni za 2019 gunia la viazi halizidi kilo 50, kwa hiyo nabeba kilo 800, na pikapu inazibeba bila kunung'unika. Saa nne asubuhi napanda kurudi nyumbani, nyuma kukiwa kutupu.

Huku kwetu tuko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Asubuhi ya mwezi wa saba kioo kimefunikwa na umande mzito, na oili ya giaboksi imeshikamana kama asali ya Mariashoni iliyolala kwenye baridi. Nafungua swichi, nasubiri taa ya hita inayopasha injini joto izime, ndipo napiga stata. Kwa mita kama 500 za kwanza gia ya pili haitaki haraka. Ukiisukuma kwa nguvu inakwaruza, na kila mkwaruzo ni chuma kinachosagika ndani. Kwa hiyo naishika kwa vidole vitatu, naiegemeza tu pale mlangoni mwa gia ya pili, nasubiri. Pumzi moja, wakati mwingine pumzi mbili. Kisha inateleza ndani yenyewe, laini, bila kelele, na naisikia kiganjani kabla sijaisikia masikioni. Nikifika lami oili imeshapata joto na gia zote zinaingia bila kubembelezwa. Miaka mingi imepita na bado nafurahia dakika ile. Gari linaamka na mimi naamka nalo.

Halafu kuna mteremko. Aliyenifundisha ni marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wa lori la mbao enzi misumeno ya Elburgon ilipokuwa ikinguruma kutwa. Yeye alikuwa na neno moja: gia hubadilishwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Basi ninapoiona kona inakuja nikiwa kwenye gia ya nne, mguu wa kushoto unashuka, mkono unasukuma gia mbele kuingia ya tatu, na kabla sijaachia klachi mguu wa kulia unagusa mafuta kidogo tu, ili injini ipande ilingane na magurudumu. Kisha naachia. Nikiipatia, hakuna kinachotikisika. Injini inanguruma kidogo, inashika uzito wote wa nyuma, na mguu wangu wa breki uko huru. Nikiikosea, kilo 800 zinanisukuma mgongoni na kamba ya mzigo inalia. Hiyo ndiyo raha yangu kubwa: magunia 16 ya viazi kupita kona bila kujua kwamba nimebadilisha gia.

Wewe utabeba mayai, mwalimu. Utaielewa habari hii upesi kuliko mimi.

Sasa mwanzo ulivyo. Wiki yangu ya kwanza gari lilinizimikia kwenye lango la soko, nyuma yangu mikokoteni na lori la kabeji, watu wakipiga kelele. Niliwasha, nikaachia klachi kwa hofu, likazima tena. Ikafika mara nne. Nilitokwa na machozi pale kwenye usukani. Wiki ya pili niliunguza klachi, nikiwa nimekwama kwenye foleni ya kupanda, nikaizuia pikapu isirudi nyuma kwa kucheza na klachi na mafuta badala ya kuvuta handibreki. Harufu ilipanda kama ya nywele zilizoungua. Gereji moja pale mjini, sitaitaja, ilinilipisha klachi mpya ikanifungia sahani kuukuu iliyobandikwa upya. Ilidumu miezi minne. Uchungu ule ndio ulionifanya nikae chini ya gari na fundi mwingine siku nzima, nione kwa macho yangu kitu ninachokanyaga.

Nawe ukione, hata kwa maneno tu. Klachi ni sahani yenye pande mbili ngumu za kusugua. Springi kali ya presha pleti, yaani bamba la kubana, inaibana kwenye gurudumu zito la injini, lile mafundi wanaloliita flaiwili. Mguu wako ukiwa juu, sahani imebanwa na nguvu ya injini inakwenda magurudumuni. Ukikanyaga mpaka chini, sahani inaachiwa na injini inazunguka peke yake. Katikati ya hapo sahani inasugua. Kusugua huko kunahitajika sekunde moja au mbili ukiondoka, basi. Kila sekunde ya ziada inakula sahani. Mtu anayekaa kwenye nusu klachi foleni nzima, au anayelaza mguu juu ya pedali akiwa mwendoni, ndiye anayekuja kukwambia pikapu za gia hula klachi.

Ndiyo maana barabara yako inanipa matumaini. Kutoka Mamboleo kupanda Kiboswa hadi Majengo ni mlima wa kweli wenye malori mazito mbele yako. Kisumu iko kwenye mita kama 1,130, na barabara ile inaanza kukupandisha karibu mara tu unapoiacha Mamboleo. Hapo gari la gia linajieleza. Utajifunza kuisikia injini inapoanza kulemewa, ule mtetemo mzito unaokuja kwenye usukani kabla mwendo haujashuka, na utashusha gia hapo, si baadaye inapokuwa imeshakata tamaa. Ukiona lori mbele limelegea, usimfuate kwenye matairi yake ukibembeleza klachi. Mwachie nafasi ya magari mawili. Akisogea, ingia ya kwanza, achia klachi yote, uache dizeli itembee. Pikapu ya dizeli ina gia ya kwanza fupi sana kwa sababu ya mzigo. Kwenye tambarare inatembea yenyewe bila kuguswa mafuta, polepole kama mzee anayekwenda kanisani, na klachi yako inapumzika. Na ukisimama mlimani, handibreki. Vuta handibreki, achia klachi taratibu mpaka uhisi pua ya gari inainuka kidogo, ongeza mafuta, shusha handibreki. Fanya hivyo mara 50 kwenye mlima mdogo kabla hujabeba yai hata moja.

Jioni ndiyo zawadi yako. Utakuwa unateremka kutoka Kiboswa, jua linaelekea kuzama, na Ghuba ya Winam iko mbele yako chini kama sinia. Weka ya tatu mapema, ondoa mguu kwenye mafuta, uiache injini ikushikilie mpaka bondeni. Nimeipita njia ile mara chache nikitoka kununua ndizi, na kila mara nimetamani ingekuwa yangu ya kila siku. Nakuonea gere.

Ila sitakudanganya. Kwenye msongamano hakuna raha. Siku moja nilihesabu: kutoka njia panda ya Njoro hadi lango la soko la Wakulima nilikanyaga klachi mara 74. Kondele Jumapili asubuhi ukielekea Kibuye, boda boda kulia, tuktuk kushoto, matatu imesimama ghafla kupakia mtu, utakanyaga mpaka usahau hesabu, na joto la Kisumu likichanganyika na joto la giaboksi linalopanda kwenye mguu wako wa kushoto, utamkumbuka dadako. Hajakosea yote. Kama maisha yako yote yangekuwa kati ya Mamboleo na katikati ya mji, ningekwambia nunua otomatiki bila kufikiri mara mbili. Lakini umeniandikia mwenyewe: siku 5 za mlima, siku 1 ya Kondele. Na hiyo moja unaweza kuipita saa kumi na mbili asubuhi barabara ikiwa bado imelala. Wanunuzi wa mayai huamka mapema.

Goti halifi kwa klachi peke yake, linakufa kwa kukaa vibaya. Vuta kiti mbele mpaka ukikanyaga klachi yote goti bado limekunjika kidogo. Ukilazimika kunyoosha mguu mzima au kusogeza kiuno, uko mbali. Kiti kikikataa kusogea, kama cha pikapu nyingi za umri ule, weka mto mgumu mgongoni. Viatu vya darasani viweke upande wa abiria. Endesha na raba zenye soli nyembamba, uhisi klachi inaposhika. Mimi nilianza na gambuti kwa sababu ya matope ya shambani, na nadhani nusu ya kuzimikiwa kwangu kulitoka kwenye gambuti zile.

Kuhusu hili la gari la wanaume, nalisema kwa moyo wangu wote: klachi ya pikapu hizi inasukumwa kwa maji ya hidroliki, haitaki msuli mkubwa. Msichana wa miaka 18 anaikanyaga sawasawa na mpakiaji wa magunia. Nimeona madereva wenye mikono kama magogo wakikwaruza gia asubuhi hadi jioni kwa sababu hawana subira. Gia inataka mtu anayesikiliza. Mwalimu aliyekaa na watoto 60 darasani, akajua kwa sauti tu ni pembe gani wanaanza kuchoka, ana sikio hilo tayari. Siku ya kwanza nilipopaki kinyumenyume kwenye nafasi yangu sokoni bila kuzima gari, mama wa vitunguu jirani yangu alinyamaza, akaniangalia, akanimegea mkate wake. Tumekuwa marafiki tangu hapo. Wenzako nao wataiona pikapu ikiingia shuleni kila asubuhi, na watazoea.

Jambo ambalo hukuuliza ila litakusumbua ni utupu. Nyuma ya pikapu kuna springi za vyuma bapa zilizotengenezwa kwa mzigo. Ukiwa mtupu zinaruka kwenye kila tuta, na mvua ikinyesha nyuma inaweza kuteleza ukiongeza mafuta kwa pupa kwenye kona. Siku za shule utakuwa mtupu mara nyingi. Acha gunia moja au mawili ya chakula cha kuku nyuma, yaliyofungwa vizuri karibu na ekseli, na uangalie kibandiko kwenye fremu ya mlango: kwa kawaida upepo wa matairi ya nyuma ukiwa mtupu si sawa na ukiwa na mzigo. Wengi hujaza upepo wa mzigo mwaka mzima, kisha wanalalamika gari linawavunja mgongo. Ukiwa mtupu na uko tambarare unaweza pia kuondoka na gia ya pili, hakuna dhambi, mradi usisugue.

Kabla hujampa mjomba pesa, mwambie akupe funguo kwa saa moja, hata kama ni mjomba. Gari likishapata moto, pandisha mlima kwa gia ya nne, ukanyage mafuta. Injini ikipanda kelele na mwendo usipande, sahani imekwisha. Sikiliza pedali inaposhika: ikishika juu kabisa, karibu unamaliza kuachia, safari ya sahani hiyo imebaki fupi. Jaribu gia ya pili baridi na moto. Angalia chini ya giaboksi kama kuna oili. Klachi kuisha si sababu ya kukataa gari la bei ya kindugu, ni sababu ya kupunguza bei, na fundi yeyote mzuri wa Kisumu anaibadilisha kwa siku moja. Giaboksi ya otomatiki ikiharibika huwezi kusema hivyo. Hakikisha pia leseni yako: B1 ni ya otomatiki pekee, ya gia ni B2. Umilikaji uhamishwe rasmi kwa jina lako, na bima iandikwe ya biashara kwa mzigo wako mwenyewe, maana mayai ya kuuza ni mzigo wa biashara hata yakiwa trei 10.

Jipe wiki 6. Wiki mbili za kwanza utachoka na utanichukia. Karibu na wiki ya nne, siku moja utafika Majengo na kushtuka kwamba hukumbuki kubadilisha gia hata moja, mkono na mguu vilifanya vyenyewe, nawe ulikuwa ukiwaza somo la saa mbili. Siku hiyo niandikie.

*Hujambo mama. Naendesha pikapu ya tajiri, tunapeleka mahindi kutoka Webuye hadi Nakuru. Yeye anataka nikifika kwenye miteremko mirefu, hasa Sachangwan kushuka Salgaa, nitoe gia niweke nyutro, pikapu ijiendee yenyewe, eti tunaokoa dizeli. Nikikataa anasema mimi ni mwoga. Ni kweli tunaokoa? – Dereva, Webuye*

Mwanangu, usifanye. Hata kwa kazi yako usifanye.

Tuanze na pesa kwa sababu ndizo anazozitaja. Ukiwa ndani ya gia kwenye mteremko na mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Pampu ya dizeli, ya zamani au ya kisasa ya kompyuta, inakata mafuta mpaka mwendo wa injini ushuke karibu na ule wa gari likiwa limesimama. Ukiweka nyutro, injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo inabidi ichome dizeli ili isizime. Yaani tajiri wako anaunguza mafuta mteremko mzima akidhani anayaweka akiba. Mwonyeshe sentensi hii.

Sasa uhai. Pikapu yenye tani ya mahindi kwenye nyutro inashikwa na kitu kimoja tu, breki. Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Ukizikanyaga bila kuachia kwa kilomita nyingi, pedi na lainingi zinapata joto mpaka zinapoteza mshiko, na maji ya breki yaliyozeeka yanaweza kuchemka. Unakanyaga, mguu unazama, hakuna kitu. Na kurudisha gia hapo si rahisi: unakimbia kilomita 90 kwa saa na ya tatu inakataa kuingia. Wanaopita Salgaa na Sachangwan kila wiki kama mimi wanajua ni wangapi wamezikwa kwa sababu ya malori yaliyoshuka hivyo. Barabara pale ilibidi igawanywe katikati kwa kizuizi cha zege. Mimi nimesimama pembeni pale na kusaidia kuokota viatu. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Shuka na gia ambayo ungepandia mlima uleule. Kama na mzigo wako ungepanda kwa ya tatu, ingia ya tatu juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka. Breki zikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, upunguze mwendo, uachie zipoe, kisha tena. Injini itapiga kelele na tajiri atakuambia unaiua. Haifi, mradi mshale wa mizunguko ya injini usifike kwenye nyekundu.

Kama bado anasisitiza, tafuta tajiri mwingine. Najua kazi ni ngumu kupata Webuye, na nimelifikiria neno hili siku mbili kabla ya kuliandika.

*Mama, pikapu yangu ya dizeli betri imechoka na niko mbali na mji. Vijana wa hapa wananisukumia kila asubuhi. Naiharibu? – Mzee wa Kuresoi*

Mzee wangu, huiharibu kwa siku chache, lakini fanya kwa utaratibu. Swichi iwe imefunguliwa, kwa sababu pampu nyingi za dizeli zina vali ya umeme inayozuia mafuta, na bila umeme kidogo vijana watasukuma bure. Subiri taa ya hita izime kama betri ina nguvu ya kuiwasha. Weka gia ya pili, si ya kwanza, maana ya kwanza hukaba magurudumu na kuyafanya yateleze kwenye matope. Kanyaga klachi mpaka chini. Gari likifika mwendo wa mtu anayekimbia polepole, achia klachi kwa mkupuo mmoja, na likishika tu, ikanyage tena na uongeze mafuta kidogo. Sukumeni kwenye tambarare au mteremko mdogo, kamwe si kupanda, na vijana washike kwenye kona za nyuma, asikae mtu katikati. Likiwaka usilizime mpaka umefika kwa fundi wa betri Molo, na akupimie chaji ya oltaneta, ile inayochaji betri, kabla hujanunua betri mpya, kwa sababu huenda betri haina kosa.